Katikati ya Bendera Mbili

Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda, natupa maganda matatu ya chungwa majini. Mtu akiniona atasema nachafua ufukwe, na kwa kanuni za halmashauri nachafua kweli, lakini sijapata njia nyingine ya kujua maji yanaelekea wapi. Moja nalitupa kushoto kwa bendera, moja kulia, moja katikati. La kushoto na la kulia huchezacheza pale pale, kisha wimbi huyarudisha mchangani. La katikati huondoka. Haliendi kwa fujo. Linakwenda taratibu, moja kwa moja kwenye kina kirefu, na nikihesabu mpaka arobaini silioni tena.

Bendera zenyewe ni mbili, nyekundu na njano, na maana yake anaijua hata mtoto wa chekechea: oga hapa katikati, hapa mlinzi anakuona. Kanuni ya tisa kwenye ubao wa mlangoni inasema ni marufuku kuogelea nje ya bendera. Mlinzi ndiye mimi. Napandisha bendera saa mbili asubuhi, nazishusha saa kumi na moja jioni, na kutwa nzima nawapulizia filimbi walio nje mpaka waingie ndani.

Yaani, kwa lugha nyepesi, nalipwa kuwatoa watu kwenye maji yaliyotulia na kuwaingiza kwenye maji yanayovuta.

Haikuwa hivyo zamani. Bendera zilikuwa kwenye vijiti. Unafika asubuhi, unayasoma maji, unachagua mahali palipotulia, unachomeka. Kisha wakatokea watu wasio na haya wakaiba vijiti, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halmashauri ikachoka. Ikatuma mafundi wakachimba mashimo mawili, wakasimamisha mabomba ya chuma, wakamwaga zege. Tulipiga makofi siku ile, na mimi nilipiga ya nguvu kuliko wote. Mwaka uliofuata wakajenga ukuta wa mawe upande wa pili wa ghuba ili mawimbi yasile barabara. Maji yakakosa njia yake, yakatafuta nyingine, na katika ufukwe wenye urefu wa hatua mia saba yakaona yapite katikati ya mabomba yangu.

Nilikwenda ofisini. Afisa wa fukwe ndiye bosi wangu, na sisi wa chini tunamwita Muhuri, kwa sababu hata ukimpa karatasi ya kufungia karanga ataigonga. Nilimweleza kuhusu maganda. Alinisikiliza vizuri, mkono shavuni.

"Mabomba yako kwenye ramani," akasema.

"Basi ramani ibadilishwe, bosi."

"Ramani inabadilishwa na kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwenyekiti akiiitisha."

"Na mwenyekiti yuko wapi?"

"Yule alistaafu. Mwingine hajateuliwa."

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alivuta droo akanionyesha nakala za barua alizoandika yeye mwenyewe kuomba mabomba yahamishwe. Zilikuwa tisa. Zote amezigonga muhuri, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Nikajifanya shujaa. Nilifunga bendera kwenye mipini ya fagio nikazichomeka hatua sitini kushoto kwa mabomba, na kwa siku nne watu walioga kwa raha zao. Siku ya tano akapita mkaguzi. Barua ya onyo nilipewa wiki ileile: kuhamisha alama za halmashauri bila kibali. Mstari wa mwisho ulisema barua ya pili itakuwa ya kuachishwa kazi. Nyumbani nina watoto watatu na mama yao, na mwenye ajira ni mimi peke yangu. Nikazirudisha bendera kwenye mabomba, nikaufyata. Tangu hapo sikai tena kibandani. Nasimama majini tangu asubuhi, upande wa kina kirefu, na kila anayeingia namwambia, kiunoni tu, mama, usipite hapa nilipo. Wengine wanasikia. Wengine wanacheka, wanasema mlinzi gani huyu anaogopa maji.

Ndivyo mambo yalivyokuwa dada yangu alipovunjika goti.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nina miaka sita, yeye ana ishirini na tatu, na amenibeba tangu siku hiyo bila kunikumbusha hata mara moja. Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na moja. Mpaka leo ukipita naye sokoni utaona wanaume wenye mvi wanachomekea mashati. Ananiita Kitinda, na mbele yake huwa nakuwa Kitinda kweli, hata nikiwa na sare.

Aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake. Wakamfanyia upasuaji, wakamfunga vyuma ndani, na daktari akampa masharti ambayo dada aliyaandika mwenyewe kwenye karatasi akaibandika ukutani kando ya kalenda. Atembee kwenye maji yanayofika kiunoni, nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Baada ya miezi mitatu, daktari alisema, goti litabaki lilivyo. Likikunjika, limekunjika. Lisipokunjika, ndiyo basi, atatembea na mguu mnyoofu mpaka mwisho. Siku hiyo goti lilikuwa linakunjika kidogo tu, kama mlango uliozuiwa na sanduku nyuma yake.

Bwawa la kuogelea hatuna. Bahari iko mwendo wa dakika kumi.

Nilikwenda kwake nikakaa kwenye kiti kidogo, yeye mguu juu ya stuli. Nikamwamkia, nikamweleza yote, maganda, zege, ukuta, mwenyekiti asiyekuwapo.

"Kwa hiyo dada, utatembea upande wa kushoto. Nje ya bendera. Pale maji yametulia hata mtoto anaweza kulala."

"Kanuni ya tisa inasemaje?"

"Dada, kanuni naijua."

"Nimekuuliza inasemaje."

Nikaisema. Sikuwa na namna.

"Na mwingine akioga hapo kushoto unamfanyaje?"

"Nampulizia filimbi."

"Na mimi hutanipulizia."

"Wewe ni dada yangu."

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge, jambo analofanya akitaka upate muda wa kujisikia mjinga. "Miaka yote nimekaa shuleni, kuna mtoto wa ndugu yetu hata mmoja niliyempitishia mlango wa nyuma?"

"Hakuna."

"Kama pale katikati ni pabaya kwangu, ni pabaya kwa wote. Zishushe bendera zako. Kama huwezi kuzishusha, nami nitaingia pale wanapoingia wenzangu."

"Nikizishusha wananifukuza."

"Najua," akasema, na hapo sauti ikalegea. "Ndiyo maana sikulaumu. Ila usinitafutie njia ya peke yangu, Kitinda. Sitaiweza."

Kichwa chake kigumu, nilikijua kabla sijajua kusoma. Tukakubaliana aingie katikati, mimi nimshike kiwiko, niwe upande wa bahari.

Wiki tatu tulitembea hivyo. Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Alikuja na fimbo yake na kofia ya kuogea aliyoshona mwenyewe, akaacha fimbo mchangani, akaninyooshea mkono. Tulikwenda na kurudi, bendera hadi bendera, akihesabu hatua kwa sauti ya darasani. Nilikuwa nahisi maji yakinivuta vifundo vya miguu, kidogo kidogo, na yeye naye alihisi, kwa sababu kila tukifika katikati alikuwa ananikaza mkono. Hatukulisema. Mwisho wa wiki ya tatu alipanda kizingiti cha nyumba yake bila kushika ukuta. Akageuka kunitazama, mdomo umebana ili asicheke. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Usiku ule nililala kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata ndiyo wageni walipokuja.

Muhuri alifika nao saa nne, watu wawili wenye tai, kutoka huko juu, wamekuja kuona jinsi kanuni zinavyofuatwa. Walisimama kando ya kibanda na faili lao, viatu vimejaa mchanga. Mimi nilikuwa majini na kiwiko cha dada mkononi. Watu walikuwa wengi, labda themanini, na mlinzi ni mimi peke yangu tangu mwenzangu ahamishiwe kwenye maegesho ya magari.

Upande wa kushoto, nje ya bendera, alikuwapo fundi saa. Huyu mzee ana kimeza chake karibu na posta, na Jumamosi hafungui. Anakuja kuelea. Analala chali juu ya maji na kofia yake ya majani usoni, hasumbui mtu, na kwa miezi mingi mimi nilikuwa najifanya simwoni. Kusema kweli nilikuwa namwonea wivu. Ndiye mtu pekee ufukweni aliyekuwa mahali salama.

Mmoja wa wageni akamnyooshea kidole. Akamuuliza Muhuri kitu. Muhuri akanitazama.

Nilijua anachotaka, naye alijua ninajua. Nilihesabu moyoni watoto wangu watatu kwa majina. Kisha nikapuliza filimbi.

Fundi saa akaamka, akapangusa macho, akatazama bendera, akaona kosa lake. Alinyoosha mkono juu kuomba radhi. Akaja akipasua maji hadi ndani, akapita karibu yangu.

"Samahani, kiongozi," akasema. "Nimezoea vibaya."

"Kiunoni tu, mzee. Usilale hapa, maji yanavuta."

"Sawa, sawa."

Lakini mtu aliyezoea kuelea huelea. Kuna mama aliniita mwanawe amekanyaga kitu, nikageuka kidogo, na nilipogeuka tena nikaona kofia ya majani peke yake. Ilikuwa inakwenda njia ya maganda. Hatua ishirini mbele yake palikuwa na kichwa na mkono mmoja.

Dada alikuwa ameshaona. Tulikuwa katikati kabisa, mahali ambapo alikuwa ananikaza mkono. Akaniachia.

"Nenda," akasema.

"Dada, utaanguka."

"Nimesema nenda."

Nikaenda. Nilimwacha dada yangu wa miaka sitini na kitu, mwenye goti la vyuma, amesimama peke yake pale pale maji yanapovuta, na sikugeuka nyuma kwa sababu ningegeuka nisingekwenda. Sitaeleza sana habari ya kumtoa mzee. Unaogelea na mkondo, hushindani nao, unampa boya, unakata kando mpaka maji yakuachie, halafu unarudi polepole. Alikunywa maji mengi. Alinishika shingo kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu anayeshika vifaa vidogo vile. Tulitokea upande wa kushoto, kwenye yale maji yaliyotulia nilikomtoa, na pale ndipo nilipoweza kuinua kichwa kumtafuta dada.

Alikuwa ametoka. Alitoka kwa mikono miwili na goti moja, akiburuta mguu mwingine nyuma, watu wakimpisha. Alikuwa amekaa mchangani, kofia imemtoka, nywele zake nyeupe zimelowana, na hakuna aliyewahi kuziona zile nywele isipokuwa mimi.

Watu wakapiga makofi. Wageni nao wakapiga. Yule mwenye faili aliandika kitu, akaniambia nimefanya kazi kwa weledi, akatazama saa yake, wakaondoka.

Tukaingia kibandani wanne. Fundi saa kwenye benchi na blanketi, akitetemeka. Dada kwenye kiti changu. Mimi nimesimama, natiririka maji. Muhuri akafungua mkoba akatoa fomu.

Fomu ya uokoaji ni ya aina moja tu. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: Taarifa ya Uokoaji Nje ya Eneo la Bendera. Waliochapisha hawakutengeneza ya ndani, kwa sababu ndani ya bendera ni salama, na mahali salama haokolewi mtu. Tukio la ndani linaitwa ajali. Ajali haina fomu. Ina uchunguzi, na uchunguzi unaanza kwa kumsimamisha mlinzi aliyekuwa zamu.

"Alikuwa ndani, bosi," nikasema.

"Nilimwona." Muhuri aliongea taratibu, kama mtu anayeumwa kichwa. "Na wewe una barua ya onyo kwenye faili. Nikiandika ndani, kesho huna kazi. Nikiandika nje, yeye anafungiwa kuingia ufukweni miezi sita na mambo yamekwisha. Atapumzika tu nyumbani."

Fundi saa aliinua uso. "Lakini mlinzi, si wewe uliyenipulizia niingie?"

Nilitazama miguu yangu. Mchanga ulikuwa umenigandia vidoleni.

"Mzee bado ana mshtuko," Muhuri akasema. "Inahitajika sahihi ya shahidi mmoja aliyekuwa majini."

Akaisogeza fomu kwa dada, na kalamu juu yake.

Dada alivaa miwani, ikiwa na chumvi, akaisoma fomu yote kuanzia juu. Alisoma na maandishi madogo ya chini. Nilikuwa na hakika. Nilimwona ameshika kalamu nikasema moyoni, sasa atawaambia, na nikaogopa, na pia nikapumua, kwa sababu hatimaye mtu angesema na huyo mtu si mimi. Aliinua macho akanitazama, si usoni. Alitazama sare yangu, nembo ya halmashauri iliyoshonwa na mke wangu kwa uzi usiofanana.

Akatia sahihi.

Sikumzuia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ningeweza. Mkono wangu ulikuwa karibu na karatasi. Ningeweza hata kuimwagia maji na kusema bahati mbaya. Nilisikia kalamu ikikwaruza, na aliandika majina yake yote matatu, kwa mwandiko mzuri uleule aliokuwa akiandikia ripoti za wanafunzi.

Muhuri akagonga muhuri. Fundi saa akakunja blanketi vizuri, akaliweka kwenye benchi, akatoka bila kuaga.

Jumatatu nilikwenda kumchukua dada kama kawaida. Nilimkuta sebuleni amevaa gauni la nyumbani, fimbo mapajani. Kofia ya kuogea ilikuwa imetundikwa kwenye msumari.

"Umechelewa kuvaa," nikasema.

"Siendi."

"Goti linauma?"

"Fundi saa amefungiwa muda gani?"

"Miezi sita."

"Basi na mimi sita."

Nilicheka kidogo, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Dada, daktari amesema mitatu. Mmoja huo unakwisha."

"Hesabu naijua, Kitinda. Nimeifundisha."

"Hujafungiwa wewe. Hakuna aliyekufungia."

"Ndiyo maana inabidi nijifungie mwenyewe."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, mtu mzima mimi. Nikamwambia naondoka sasa hivi kwenda ofisini, nitasema ukweli wote, wafute ile fomu, wanifukuze tu.

"Na watoto watakula nini?" akauliza.

Nikatazama ile kofia kwenye msumari.

"Unaona," akasema kwa upole, akanishika kichwa kama zamani. "Nenda kazini, utachelewa kupandisha."

Nilikwenda. Nilitupa maganda yangu matatu, na la katikati likaondoka. Saa mbili nikapandisha. Saa tatu akaja mama na watoto wawili wadogo, wakatandika taulo upande wa kushoto, wakaingia kwenye maji yaliyotulia, wakawa wanarushiana. Mkaguzi hakuwapo. Lakini siku hizi mkaguzi anaweza kutokea wakati wowote. Nikapuliza. Yule mama akawashika watoto wake mikono, akawaleta katikati ya bendera, akanipungia kunishukuru. Nikaingia majini nikasimama upande wao wa bahari mpaka walipochoka.

Miezi mitatu ilipotimia nilimpeleka dada hospitali, moja kwa moja kutoka kazini. Daktari alimlaza, akamshika kisigino, akajaribu kulikunja goti. Alijaribu polepole, kisha kwa nguvu kidogo. Likafika mahali likakataa. Alirudisha mguu kitandani, akafungua faili, akasoma alichoandika mara ya mwisho.

"Ulikuwa unaendelea vizuri sana," akasema. "Kwa nini uliacha maji?"

"Nilifungiwa," dada akasema.

"Na nani?"

Dada alikuwa anatazama dari. Daktari akageuka kunitazama mimi niliyesimama na fimbo yake mkononi, nikiwa bado na sare, filimbi shingoni.